Kipupwe cha Newala: siku za ukungu ni za kukaa ndani na mfarishi wa vipande. Wa kusini tukutane hapa

Mwana Kitangari (mwanzisha uzi)

Wakuu, akina dada na akina mama, habari za kipupwe.

Najua walioko Mtwara mjini na Lindi watabisha, lakini sisi wa huku juu mwezi wa saba tunaujua. Asubuhi ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma, ukienda kusimama pale Shimo la Mungu bonde lenyewe hulioni, na mpaka saa nne watoto bado wamejitanda mashuka. Mahindi yako ghalani, korosho bado. Ukiondoa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, shamba halidai sana. Hiyo ndiyo miezi yangu ya kushona kitu ambacho hakina mteja anayenipigia simu kuuliza kimefika wapi.

Nashona mifarishi ya vipande. Kwa asiyeufahamu: ni tabaka tatu. Juu vipande vilivyounganishwa, katikati kitu cha kuleta joto, chini kitambaa kizima, halafu vyote vinashonwa kwa pamoja mpaka vishikane. Kitambaa cha juu sinunui. Huku kwetu likizo za mwezi wa sita na Desemba ni unyago na harusi, kila ukoo na sare yake, na mafundi wanashona usiku na mchana. Mabaki wanafagilia kwenye kiroba. Ukienda kwa adabu, hukuti foleni, fundi anakupa.

Ninavyofanya mimi:

Kwanza nafua kila kipande kabla sijagusa mkasi. Kitenge kipya kina wanga, kikifuliwa kinarudi. Ukikiunga na kanga iliyokwisha kufuliwa miaka mitatu, siku ya kwanza ya kufua mfarishi utajikunja kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Nyekundu na nyeusi naloweka peke yake, namwaga maji, naloweka tena hadi maji yatoke meupe. Uvivu wa hapo utauona kwenye vipande vyeupe.

Pili, nakata kielelezo cha boksi gumu, inchi sita na nusu kila upande, nachora kwa chaki nakata. Mshono ni robo inchi, kwa hiyo kipande kikishaungwa kinabaki inchi sita kamili. Tisa kwa upana, kumi na tatu kwa urefu, jumla 117. Unapata inchi 54 kwa 78, inatosha kitanda cha nne kwa sita na inashuka inchi tatu kila upande. Kanga moja nzima inatoa vipande 54 ukipanga vizuri, ila nani akate kanga nzima.

Sehemu inayoamua kama kazi itakuwa safi ni pasi. Naunga mstari mmoja wa vipande tisa, mishono yote nailaza kulia kwa pasi. Mstari wa pili nailaza kushoto. Unapokuja kuunga mistari hiyo miwili, ile mishono inakutana uso kwa uso na kubanana, pembe zinakaa sawa bila kupimapima. Ukiilaza yote upande mmoja, pale kwenye makutano panakuwa na donge ambalo sindano inaliruka.

Chini naweka doti ya kanga isiyokatwa. Ziunge mbili kwa ule upande mrefu, utapata kama inchi 59 kwa 86, yaani inazidi juu kidogo pande zote kama inavyotakiwa. Na jina linasomeka mara mbili, huku na huku. Anayelala upande wa ukutani asome lake.

Natandaza doti sakafuni, naivuta kiasi, naibana kwa plasta kwenye pembe. Juu yake tabaka la kati, juu yake vipande. Napiga bandi ndefu, yaani mshono wa kushikiza kwa muda, kuanzia katikati kwenda pembeni. Ukianzia pembeni utasukuma mikunjo yote ikusanyike katikati, na hapo huna pa kuipeleka. Baada ya hapo ni sindano ya mkono au cherehani, kufuata mistari ya vipande. Mwisho ukingo unavalishwa utepe wa kitambaa wa inchi mbili na nusu uliokunjwa mara mbili.

Kuhusu rangi nina msimamo wangu. Sipendi zipangwe kwa zamu, nyekundu-njano-nyekundu-njano kama bendera. Natandaza chini zote, nachanganya, narudi mlangoni naangalia kwa mbali. Panapouma jicho nabadilisha.

Swali langu kwenu: katikati mnaweka nini? Natumia blanketi kuukuu, joto lipo, lakini likilowa ni mzigo, na maji huku uwandani mnajua wenyewe yanavyopatikana. Mwenye ujuzi amwage.

---

Kusini Damu

Baridi gani Mtwara wewe? Huku Shangani watu tumelala madirisha wazi 😂

Uzi mzuri lakini. Nafuatilia.

---

Mzee wa Salfa

Mwanangu, mwezi wa saba unakaa ndani unaunga vitambaa, mikorosho anapuliza nani? Ugonjwa wa ubwiri unga haujui likizo.

---

Mwana Kitangari

Shikamoo mzee. Salfa si kazi ya alfajiri? Umande ungali kwenye majani na upepo umetulia. Upepo wa kusi ukishachangamka ukaendelea kupuliza, unampulizia jirani. Saa tatu mtu yuko nyumbani anaoga. Ninachosema ni kuanzia hapo hadi jioni. Na nguo za salfa zinabaki nje, kile chumba cha vitambaa hazikanyagi, maana ile harufu ikiingia kwenye blanketi inakaa.

---

Mzee wa Salfa

Marahaba. Hapo umesema.

---

Mtoto wa Masasi

Dada nisamehe, nitasema ukweli. Sokoni blanketi la mtumba zito kabisa linapatikana kwa bei ambayo uzi na muda wako vinaizidi. Na pili, viraka ni viraka. Mimi mgeni wangu nikimtandikia kitanda cha viraka atanionaje? Bibi zetu walivaa viraka kwa shida, siyo kwa kupenda.

---

Shoga wa Mikindani

Mtoto wa Masasi umeanza. Kila uzi wa kazi za mikono lazima uje na bei.

---

Mnewala wa Theluji

Naandika kutoka Minnesota, Marekani. Nimezaliwa Newala, huo ukungu nimeukosa.

Kwanza niwape picha ya baridi yenyewe. Huku Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni. Januari inaweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri na kuzidi, ukitoka nje pua inaganda unyevu wake. Mtu akitoka kazini haendi barazani kwa mtu, baraza lenyewe limejaa theluji. Ndiyo maana wenyeji wa huku wana kazi za ndani: wengine wanafuma, wengine wanachonga, na wengi wanashona hiyo mifarishi. Wana maduka ya vitambaa vya mifarishi tu. Unaingia unakuta pamba tupu, imepangwa kwa rangi kuanzia ukutani hadi ukutani. Nyumbani nikiwapigia wakati huo wananiambia joto na mvua haviwaachi kulala.

Makanisa ya Kilutheri ya huku yana vikundi vya akina mama, wengi ni bibi, wanakutana ukumbi wa chini ya kanisa na kushona mifarishi inayopelekwa kwa wakimbizi na watu wenye shida kupitia shirika la Lutheran World Relief. Kipimo chao ni inchi 60 kwa 80, hakiko mbali na chako. Na hapa ndipo nataka kukusaidia dada: wao mara nyingi hawashoni mistari yote. Wanafunga mafundo. Uzi mnene wa sufu au pamba unapita tabaka zote tatu, unarudi, unafungwa fundo mara mbili na kukatwa ukiachwa mkia mfupi. Unaweka moja kwenye kila kona ya kipande. Kazi ya wiki inakuwa ya siku. Mimi nilitazama nikadhani itafumuka, lakini wanaifua kwa mashine na inashika.

Sasa Mtoto wa Masasi, hilo la viraka. Alabama kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend, ndani ya kona ya mto. Wakazi wake ni weusi, wahenga wao walikuwa watumwa wa shamba la pamba la hapo hapo. Nyumba zao zilipitisha upepo, kwa hiyo wanawake walishona mifarishi kwa suruali za jinzi zilizochakaa, mashati ya kazi, magunia, chochote. Magoti ya suruali yaliyopauka yanaonekana wazi kwenye kazi. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa makumbusho ya sanaa ya Houston, kisha ya Whitney, New York, watu wakapanga foleni kuiona. Mwaka 2006 posta ya Marekani ikaitoa kwenye stempu. Ilianza kwa shida kweli, hilo hukukosea. Ila wale akina mama walikuwa wanachagua kipande kipi kikae wapi, na kuchagua huko hakuna aliyewalazimisha.

---

Mtoto wa Masasi

Sawa mkuu, nimeelewa. Lakini mgeni wangu hatoki New York.

---

Shoga wa Mikindani

😂😂😂 Huyu hashindiki.

---

Mama Ukili

Asalaam aleikum. Mimi niko Lindi, nasuka mikeka na kushona, vyote. Mwanangu Kitangari hongera.

Wengi hawajui kwamba kipupwe kwetu sisi wasusi kina ubaya wake. Upepo unakausha chane za majani tunazosukia, ukizikunja zinakatika. Tunasuka asubuhi mapema kungali na unyevu, au unazifunika kwa kitambaa kilicholoa. Jua likipanda naacha ukili, ule utepe uliosukwa wa kuungia mkeka, nashika sindano.

Nikwambie nililoona kwenye mifarishi ya wanaoanza, na ndilo hilo hilo la mkeka. Ukiwa unaunga ukili na ukili ukavuta uzi kwa nguvu, mkeka unajikunja katikati unainuka kama ungo, na hata ukalaliwa mwaka mzima haunyooki. Kwenye nguo ni vilevile. Uzi uvute ulale tu, usiukaze. Na kila ukimaliza mistari mitatu minne, tandaza chini uangalie. Mkono uliochoka unavuta zaidi ya mkono wa asubuhi, kwa hiyo mfarishi ulioshonwa jioni tupu unajulikana.

La blanketi: mimi situmii. Naweka mashuka mawili ya zamani, ya pamba, yaliyofuliwa hadi yakawa laini. Sisi Lindi yanatosha. Nyie wa juu wekeni matatu.

---

Kijana wa Ndanda

Samahani, kwetu kuna msufi mkubwa nyuma ya nyumba. Ule usufi hauwezi kujaza mfarishi? Bure kabisa.

---

Mwana Kitangari

Kijana wa Ndanda, usufi ni wa mto na godoro. Nyuzi zake fupi, zinateleza, hazishikani zenyewe kwa zenyewe. Ukiuweka kwenye mfarishi bila kushona karibu karibu sana, unahama: baada ya mwezi una mabonde huku na vilima kule. Na ukifua ndiyo basi, unaganda madonge. Jaza mto, ushone foronya ya vipande, hapo utafurahi. Ni kazi nzuri ya kuanzia pia, vipande tisa tu na umemaliza.

Mama Ukili, wa aleikumu salaam na shikamoo. Mashuka matatu nitayajaribu. Uzito wa blanketi likilowa peke yangu siuwezi kuukamua.

Mnewala wa Theluji, mafundo nimeyapenda kwa mifarishi ya watoto. Ya kitanda kikubwa naona nitabaki na mistari. Siyo kwa ubishi, ile mistari ndiyo sehemu ninayoipenda. Unakaa na redio, ming'oko, vile viazi pori vyetu, iko kwenye bakuli mbali kidogo na kitambaa, sindano inakwenda.

---

Fundi Mstaafu

Nimeshona miaka mingi Mtwara mjini. Wanaotaka kupitisha tabaka tatu kwenye cherehani ya miguu: weka sindano namba 16, siyo 14. Legeza kidogo skrubu inayokandamiza mguu wa cherehani, refusha hatua ya mshono. Uzi ukikatika-katika, badilisha sindano kwanza kabla hujagusa kitu kingine, mara nyingi ncha imekufa. Na usivute kitambaa kwa nyuma. Meno yake yanajua kazi, wewe shika tu kisiende upande.

Cherehani ya miguu ina faida nyingine, umeme ukikatika haina habari.

---

Bint Kivinje

Jamani naomba niwape kitu kingine, kinahusu huku kwetu hasa.

India, jimbo la Karnataka, kuna watu wanaitwa Wasidi. Wahenga wao walitoka Afrika, wengi kutoka pwani hii yetu ya mashariki na Msumbiji, wengi wao wakipelekwa kama watumwa, na wengine wakitoroka Goa ya Wareno na kuingia misituni. Mimi ni wa Kilwa Kivinje, mji ambao karne ya kumi na tisa ulikuwa bandari kubwa ya biashara hiyo, kwa hiyo habari za watu waliovushwa bahari siwezi kuzisoma nikapita.

Wanawake wa Kisidi wanashona mfarishi unaoitwa kawandi. Hakuna cherehani, hakuna kielelezo cha boksi, hakuna kukata vipande sawasawa. Chini wanaweka sari kuukuu. Wanaanza kwenye kona, wanashona vipande kuzunguka ukingo, kila kipande kinakunjwa pindo na kushonwa moja kwa moja juu ya ile sari, kisha mzunguko wa pili ndani ya ule wa kwanza, wa tatu, hivyo hivyo wanakaribia katikati hadi panazibika. Kuunga na kushona tabaka ni tendo moja. Ukifika katikati umemaliza, hakuna kurudi kupiga bandi wala kuvalisha ukingo, ukingo ulishaisha siku ya kwanza.

Halafu kwenye kona nne wanaweka vitambaa vidogo vilivyokunjwa pembetatu, wanaviita phula, maana yake maua. Bila hivyo mfarishi hauhesabiwi kuwa umekamilika.

Mimi nashona hivyo sasa. Shuka moja chini, vipande juu, na mahali kipande kimekaa juu ya kipande joto linaongezeka lenyewe. Mwepesi, unakauka haraka. Dada Kitangari, kwa shida yako ya maji nadhani hili ndilo jibu zaidi ya kubadilisha cha kuweka katikati.

---

Mwana Kitangari

Bint Kivinje, hapa nimesoma mara mbili. Swali: ukianza pembeni, katikati hapapandi juu? Mimi nimezoea kuanzia katikati nikikimbia mikunjo.

---

Bint Kivinje

Hapapandi kwa sababu husukumi kitambaa kizima, unaweka kipande kimoja kimoja kikiwa kimelala. Mikunjo inakuja pale ambapo vitambaa viwili vikubwa vinasukumana. Hapa cha chini ni kikubwa, vya juu ni vidogo, kila kimoja unakilaza kwa kiganja kabla ya sindano. Ila alilosema Mama Ukili la kutokukaza uzi liko pale pale. Ukikaza, shuka la chini linajikusanya.

---

Mama Ukili

Mwanangu wa Kivinje umenifundisha uzeeni. Hiyo naitaka.

---

Shoga wa Mikindani

Mimi sina subira ya vipande 117, nadarizi vitambaa vya makochi na mume wangu anatoboa kofia. Ndiyo, mwanamume. Jioni tunakaa wote na sindano, jirani akipita anacheka, Idi ikifika anakuja kuulizia kofia.

---

Mdau wa Tandahimba

Nina wazo la maji. Ushone kava la kanga, mfarishi uingie ndani kama mto kwenye foronya, ufue kava tu.

---

Mwana Kitangari

Mdau, wazo lina akili, lakini sasa vipande vyangu nimevishona vimwonyeshe nani, giza? Bora nifue mara moja kwa msimu. Naanika juani siku ambayo ukungu umeondoka mapema, nakung'uta, basi.

---

Mtoto wa Masasi

Haya nimekaa kimya nasoma. Mke wangu ameuona uzi huu na amenichukulia simu. Anasema huku Masasi kuna fundi jirani yetu ana viroba viwili vya mabaki anataka kuvichoma. Dada Kitangari, tukutumie? Na yeye anataka kuanza na huo mto wa vipande tisa.

---

Mwana Kitangari

Kaka, mwambie wifi yangu asante sana, na asiruhusu vichomwe.

Ila kabla ya kutuma avichambue. Pamba peke yake, tetroni peke yake. Asiyejua kutofautisha achomoe uzi mmoja auchome kwa kiberiti: pamba inaungua ikanuka karatasi na kubaki majivu, tetroni inayeyuka na kuacha kijipunje kigumu. Nikiichanganya kwenye mfarishi mmoja, pasi inayofaa pamba itaikunja tetroni.

Kiroba kimoja abaki nacho yeye, atakihitaji mapema kuliko anavyodhani. Cha pili aweke kwenye gari la asubuhi la Newala, nitakipokea stendi na nauli ya mzigo nalipa mimi. Vitambaa vya satini ampe mwenye kushona maua ya harusi, sivitaki.